Nukta milioni mia moja na korongo moja: namna ya kutumika na data za LIDAR mbele ya kuchora ramani ya hatari

Leo tuzungumuze kazi ambayo wengi kati yetu tuliomaliza jeografia, ujenzi, kilimo ao mazingira tunaanza kuipewa, hata kama ku masomo hatukufundishwa: kutumika na data za LIDAR mu programu ya ramani.

Mbele, kazi hii ilikuwa ya ndege na ya makampuni makubwa. Leo kuko vyombo vya leza vidogo, droni inavibeba. Proje inafika mu eneo, droni inaruka siku mbili, tatu, kisha mutu anakuletea diski na kukuambia: "Wewe uko na diplome, tutengenezee ramani." Unafungua fishie, unaona rangi nzuri sana, unabonyeza mara moja, ramani inatoka. Kisha ramani ile inaenda ku komine. Ramani inasema: nyumba hizi zihame, hizi zibakie. Hapo njo kazi inakuwa nzito, juu nyuma ya kila rangi kuko familia inayolala pale usiku.

Hatuhitaji kutafuta mufano mbali. Tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha mu teritware ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Maji, matope na mawe vilishuka toka ku milima mpaka Bushushu na Nyamukubi, kando ya ziwa Kivu. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi hawakuonekana tena. Maji yale hayakushuka popote popote. Yalifuata mabonde na makorongo ambayo yalikuwa pale tangu zamani. Kwa hiyo, mutu anayechora ramani ya hatari mu Kivu ao mu sehemu ingine yenye milima, swali lake la kwanza ni hili: korongo liko wapi, upana wake ni gani, na nani anakaa ndani ao chini yake?

Juu ya nini ramani za bure hazitoshi

Wengi wetu tunajua SRTM. Ni data za urefu wa ardhi ambazo chombo cha anga cha Marekani kilizichukua kwa siku 11 mu mwezi wa pili mwaka 2000. Ni za bure, na zimetusaidia sana. Lakini pikseli yake moja ni metre 30 kwa 30. Korongo la metre 6 linapotelea ndani ya pikseli moja, linachanganywa na shamba la huku na shamba la kule, na urefu unaotoka ni mumoja tu. Tena, SRTM ilitumia rada, na rada ile haifiki vizuri ku udongo pale miti ni mingi. Mu pori, ile unayoita "urefu wa ardhi" ni urefu wa kitu fulani kati ya udongo na majani ya juu.

LIDAR inatatua shida hizi mbili, lakini haizitatui yenyewe. Inakupa vitu vya kufanyia kazi. Kazi inabakia kwako.

Namna leza inapima

Chombo kinatuma mwanga mufupi sana kuelekea chini. Mwanga unagonga kitu, unarudi. Chombo kinapima wakati uliopita. Mwanga unatembea karibu metre 300,000,000 kwa segonde moja. Ni kusema sentimetre 30 kwa kila nanosegonde. Droni ikiwa metre 90 juu, mwanga unaenda na kurudi kwa nanosegonde karibu 600. Unagawa mbili, juu umeenda na umerudi, unapata umbali. Kwa sababu chombo kinajua pia mahali kiko (setilaiti za GPS na nyingine kama yake) na upande kinaangalia (chombo kingine kinapima kuinama na kugeuka kwa droni), kila kipimo kinakuwa nukta moja yenye namba tatu: mashariki, kaskazini, urefu. Rudia hivyo mara elfu na elfu kwa segonde moja. Hiyo njo wanaita wingu la nukta.

Sasa, uzuri wa LIDAR ni mwangwi. Mwanga ule si sindano. Ukifika chini unakuwa na upana kidogo. Sehemu moja inagonga jani la mugomba, inarudi. Sehemu ingine inapita kati ya majani, inagonga kahawa ya chini, inarudi. Sehemu ya mwisho inafika ku udongo, inarudi. Musukumo mumoja unaweza kukupa nukta mbili, tatu ao zaidi. Mwangwi wa kwanza unakuambia urefu wa miti; wa mwisho, mara nyingi, unakuambia udongo. Mara nyingi, si kila mara: pale majani ni mazito sana, mwangwi wa mwisho unaweza kubakia ku jani.

Congo yetu tayari imetumia uwezo huo kwa kitu kikubwa. Mwaka 2017, mu gazeti la sayansi Scientific Reports, watafiti walitoa ramani ya kaboni ya mapori ya nchi yetu yote. Waliruka na LIDAR juu ya hektari zaidi ya 400,000 zilizochaguliwa kwa kura, wakaziunganisha na vipimo vya miti ku udongo na picha za setilaiti, wakapata tone karibu bilioni 23 za kaboni. Kuko pia GEDI, chombo cha leza cha NASA kilichopelekwa ku kituo cha anga cha kimataifa mu Desemba 2018, ambacho data zake ni za bure. Lakini muangalie vizuri: alama moja ya GEDI ku udongo ina upana wa metre 25, na kati ya alama kuko nafasi. Kwa kupima pori, ni muzuri sana. Kwa kutafuta korongo nyuma ya nyumba ya mutu, hapana. Kila data iko na kazi yake.

Ndani ya fishie kuko nini

Fishie za LIDAR zinaitwa LAS, ao LAZ zikikazwa ili zichukue nafasi kidogo. Kila nukta iko na urefu na mahali, lakini pia na namba ya mwangwi (wa kwanza, wa pili, wa mwisho), nguvu ya mwanga uliorudi, na namba ya kundi. Makundi haya yako na namba za kimataifa ambazo ni muzuri kuzishika kichwani: 2 ni udongo, 3, 4 na 5 ni majani na miti toka mifupi mpaka mirefu, 6 ni nyumba, 7 ni nukta za uongo za chini, 9 ni maji, 17 ni daraja, 18 ni nukta za uongo za juu. Namba 0 na 1 ni kusema: hakuna mutu amepanga nukta hii mu kundi.

Tufanye hesabu kidogo ili muone ukubwa. Eneo la hektari 100 ni metre muraba 1,000,000. Droni ikitoa nukta 100 kwa kila metre muraba, muko na nukta milioni 100. Mu muundo unaotumiwa sana leo, nukta moja inachukua baiti 30 kwa uchache. Kwa hiyo fishie ya LAS inakuwa giga 3. Ordinatere ya kawaida inaweza kuifungua, musiogope. QGIS, ambayo ni programu ya bure, inafungua mawingu ya nukta tangu mwaka 2021. Mara ya kwanza inatengeneza fishie ingine iliyopangwa vizuri inayoitwa COPC, ili kisha isome tu sehemu unayoangalia. Kazi ile ya kwanza inachukua wakati. Kwetu ambako umeme unakatika, muifanye pale muna hakika batri imejaa.

Hatua ya kwanza: fishie inaongea luga gani ya mahali?

Mbele ya rangi zote, fungua habari za fishie na uangalie mufumo wa vipimo vya mahali. Bukavu, Goma na Lubumbashi ziko mu UTM 35 Kusini, namba yake ni EPSG 32735. Kisangani iko mu 35 Kaskazini, 32635, juu imepita ikweta kidogo. Kinshasa ni 33 Kusini, 32733. Ukichanganya Kusini na Kaskazini, namba za kaskazini zinakosewa kwa kilometre 10,000. Kosa kama lile linaonekana mara moja, ramani inakimbilia mu bahari. Hilo si la hatari.

Kosa la hatari ni la urefu. Setilaiti zinapima urefu juu ya umbo la hesabu la dunia, na umbo lile si usawa wa bahari. Kati ya hizi mbili kuko tofauti inayobadilika kufuatana na mahali, na inaweza kupita metre 10. Ukichukua wingu lenye urefu wa aina ya kwanza, na ukaweka juu yake kipimo cha maji cha aina ya pili, unaweza kukosea kuambia watu wa kando ya ziwa kama wako juu ao chini ya maji. Njia rahisi ya kuhakikisha kwetu: maji ya ziwa Kivu yako karibu metre 1,460 juu ya usawa wa bahari. Angalia nukta za ukingo wa ziwa. Kama fishie inasema kitu cha mbali na hapo, uliza aliyeruka na droni alitumia urefu gani, na aandike jibu.

Hatua ya pili: hesabu nukta za udongo tu

Watu wanapenda kusema: "Tuko na nukta 100 kwa metre muraba!" Ni sawa, lakini ngapi zilifika ku udongo? Mu QGIS, weka kichujio cha kubakisha kundi 2 peke yake, kisha tengeneza ramani ya wingi wa nukta. Utashangaa. Ku barabara na ku uwanja wa mupira utakuta nyingi. Chini ya migomba iliyofungana unaweza kukuta nusu nukta kwa metre muraba, ni kusema nukta moja kwa kila metre muraba 2. Hapo umbali wa katikati kati ya nukta na nukta ni karibu metre 1.4. Sasa ukitengeneza ramani ya pikseli ya sentimetre 20 mahali pale, unajidanganya. Programu itajaza kati kwa kukisia, na picha itakuwa laini na nzuri, lakini ule uzuri haukutoka ku kipimo chochote. Wingi wa nukta za udongo njo unaamua ukubwa wa pikseli.

Hatua ya tatu: nukta za uongo, na muangalifu wake

Mu kila wingu kuko nukta zisizo za kweli. Ndege wa hewani, vumbi, mwanga uliogonga bati na kisha ukuta mbele ya kurudi, ukaonekana kama umetoka chini ya udongo. Hizi za chini ni mbaya zaidi, juu programu nyingi zinaanza kutafuta udongo kwa kushika nukta za chini kabisa. Nukta moja ya uongo ya metre 5 chini ya udongo inaweza kuvuta ramani yote ya jirani yake na kutengeneza shimo ambalo haliko.

Kwa hiyo tunasafisha. Programu inaangalia kila nukta: majirani wako karibu ao mbali? Kama wako mbali sana kupita kawaida, inasema nukta hii ni ya uongo.

Hapo simameni kidogo. Korongo jembamba, lenye miti imelifunika, ndani yake mwanga unafika kwa shida. Chini kabisa unakuta nukta chache, ziko peke yao, chini kuliko majirani wote. Ni sura gani hiyo? Ni sura ile ile ya nukta za uongo! Programu haijui tofauti. Ukiiambia isafishe kwa nguvu, inafuta chini ya korongo, na ramani inaunganisha ukingo huu na ukingo ule kama vile hakuna kitu kati. Ramani inatoka safi. Korongo limekufa mu ordinatere, lakini ku mulima liko.

Dawa yake si kuacha kusafisha. Dawa ni kutofuta: zipange mu kundi 7, zibakie ndani ya fishie, kisha uziangalie. Nukta za uongo zinatawanyika ovyo. Nukta za chini ya korongo zinajipanga mustari, zinashuka pamoja na mulima. Jicho lako linaona ule mustari kwa dakika moja.

Hatua ya ine: kutenga udongo na vitu vingine

Kama fishie ilikuja bila makundi, ni kazi yako kutenga udongo. Kuko njia mingi. Moja inaeleweka vizuri, inaitwa kichujio cha kitambaa, na inapatikana bure mu CloudCompare na mu PDAL. Wazo lake ni hili: geuza mulima juu chini, mu hesabu. Kisha tupa kitenge juu yake. Kitenge kinashuka na kulala juu ya ile sura iliyogeuzwa. Nukta ambazo kitenge kinazigusa, ao zilizo karibu nacho, ni udongo. Nyumba na miti, kwa sababu vimegeuzwa, vimekuwa mashimo chini ya kitenge, na kitenge kinapita juu bila kuingia.

Sasa, kitenge kinaweza kuwa laini ao kigumu, kama kile cha siku ya kwanza chenye wanga. Kikiwa laini sana na chenye nyuzi za karibu-karibu, kinaingia mu mashimo, na mapaa ya nyumba yanahesabiwa kuwa udongo. Kikiwa kigumu sana, hakiwezi kufuata mukunjo: kinakata vichwa vya milima na kingo kali za makorongo, na korongo lenye kuta za kusimama linatoka kama bonde pana, la kulala. Kwa mutu anayehesabu kama ukingo utaanguka, ile kuta ya kusimama njo habari yenyewe. CloudCompare inakuuliza mahali ni pa namna gani: muteremuko mukali, milima ya kawaida, ao tambarare. Kwa Bukavu usichague "tambarare".

Njia ingine ndani ya PDAL inaitwa SMRF. Iko na namba ya muteremuko ambayo, kama hukuigusa, ni 0.15. Ni kusema inangojea ardhi inayopanda sentimetre 15 kwa kila metre 1. Hiyo ni ardhi ya upole. Mulima wa kwetu ambao unapanda sentimetre 40 ao 50 kwa metre, namba ile itaukata na kuita udongo wake "si udongo". Namba za kuanzia za programu yoyote ziliwekwa na mutu aliyekuwa anafikiria mahali fulani. Kama mahali pake si pako, zibadilishe, na uandike umebadilisha nini.

Hatua ya tano: kata mulima kama mukate

Hapa njo naomba kila mutu asimame muda murefu. Tangu 2022, QGIS iko na chombo cha kuchora profili: unapiga mustari juu ya ramani, na chini inatokea sura ya mulima kama umeukata kwa kisu. Weka rangi kufuatana na makundi. Piga mustari kukata korongo, toka ukingo mpaka ukingo, kila metre 20 ao 30, toka juu ya mulima mpaka chini. Uliza maswali mepesi. Udongo wa kundi 2 unaingia mpaka chini ya korongo? Kuko nukta za kundi 2 zinazopanda juu ya paa ao juu ya mugomba? Kingo zimekatwa? Chini kabisa kuko nukta za kundi 7 ambazo zinafanana na udongo wa kweli?

Kazi hii inachosha. Lakini hakuna programu inayoifanya mahali pako. Ukipata nukta zimewekwa mu kundi baya, unazirekebisha kwa mukono, na CloudCompare inakuruhusu kuzikata na kuzibadilisha namba.

Hatua ya sita: ramani ya udongo, na ramani ya mahali hatujui

Sasa unaweza kutengeneza MNT, ni kusema ramani ya udongo mutupu. Mu QGIS kuko njia ya pembetatu: inaunganisha nukta tatu tatu za udongo na kujaza pikseli. Ni njia nzuri. Lakini pale kuko tundu, ni kusema mahali hakuna nukta ya udongo, inavuta pembetatu kubwa toka upande mumoja mpaka mwingine, na mahali pale panaonekana sawa kama meza. Maji pia yanatengeneza tundu: leza nyingi zinatumia mwanga ambao maji yanaumeza, basi mutoni na ku bwawa hakuna kitu kinarudi.

Kwa hiyo, usitoe MNT peke yake. Toa pamoja nayo ramani ya pili inayoonyesha mahali nukta za udongo ni chache ao hazipo. Watu wa komine watauliza: "Rangi hii ya kijivu ni nini?" Uwaambie waziwazi: hapo hatukupima, kabla mutu hajaamua nyumba, mutu apande kwa miguu. Ni afazali kijivu cha ukweli kuliko kijani kibichi cha kukisia.

Kisha panda kweli. Chukua GPS, kamba ya kupimia, na mutu wa pale. Mama anayelima kando ya korongo kwa miaka 20 anajua maji yalifika wapi. Wazee wanajua mto ulihama lini. Pima upana wa korongo mahali 5 ao 6 na ulinganishe na ramani. Kama ramani inasema metre 3 na kamba inasema 6, rudia hatua ya tatu na ya ine. Wakati huo si wa hasara.

Namna ya kujifunza bila kungojea droni

Mutu atasema: "Sina data, nitajifunza wapi?" Shirika la ramani la Ufaransa, IGN, linatoa bure data za mupango wake wa LIDAR HD: nukta 10 na zaidi kwa metre muraba, mu vipande vya kilometre 1 kwa 1, zikiwa zimepangwa mu makundi tayari. Maelezo ni ya Kifaransa, basi hatuna kisingizio cha luga. Chagua kipande cha milima yenye miti. Hapa mufumo wa mahali ni Lambert 93, EPSG 2154, usiweke UTM yetu. Kipande kimoja ni nukta zaidi ya milioni 10. Pakua usiku, pale mega ni za bei ndogo.

Zoezi ni hili: weka kando makundi yao, tenga udongo mwenyewe kwa kichujio cha kitambaa, kisha linganisha na kazi ya IGN. Mahali munatofautiana, kata profili, uone nani ana haki. Fanya hivyo kwa kitenge laini, kisha kigumu. Baada ya vipande 5, jicho lako litakuwa limefunzwa kuliko kusoma kitabu.

Neno la mwisho juu ya mukataba

Kuko desturi mubaya mu proje zetu. Data zinachukuliwa, zinaenda mbali, na komine inabakia na picha moja ya PDF ya kutundika ku ukuta. Picha haihojiwi. Mutu ambaye nyumba yake imewekwa mu rangi nyekundu hawezi kujua kama ni nukta 40 zilisema vile ao ni pembetatu moja ya kukisia. Na yule wa rangi ya kijani, ambaye labda yuko mu hatari zaidi, hatauliza kabisa.

Kama uko ndani ya proje, hata kama kazi yako ni ndogo, omba vitu vine viandikwe mu mukataba mbele droni haijaruka: fishie za LAZ zibakie ku komine na ku chuo kikuu cha karibu, karatasi inayoeleza mufumo wa mahali na wa urefu, namba zote zilizowekwa mu vichujio, na ramani ya mahali hapakupimwa. Diski moja inatosha. Haitaongeza bei ya proje kwa kitu kikubwa. Na miaka 5 mbele, pale mulima utakuwa umesogea, mwanafunzi mwingine ataweza kuruka tena, alinganishe ya zamani na ya mupya, na aseme kwa vipimo udongo umeondoka wapi na ni metre ngapi.

Mwenye fishie ya LIDAR iliyolala mu diski tangu proje iliyopita, aifungue wiki hii, apige mustari kukata korongo la kwanza, na aangalie kundi 7.